Rangi Inang'aa, Magurudumu Hayapatani

Jioni, jua linapozama nyuma ya milima na ziwa likiwa bado na mwanga, pikipiki iliyofufuliwa huegeshwa kando ya barabara ya kitaifa namba 5 pale Makobola, Kivu Kusini, na watu wakaizunguka kama bibi harusi. Tanki limepakwa rangi nyekundu hadi mtu anajiona uso. Eksozi ni ya kelele. Kibandiko cha Yamaha kimebandikwa juu ya tanki ambalo Japani haijawahi kuliona. "Papa, ona mashine!" anasema mmoja, mwingine anapiga picha kwa simu, na mwenye mali anapandisha bei papo hapo. Hakuna aliyeinama. Hakuna aliyekwenda kuchuchumaa nyuma ya gurudumu la nyuma akafumba jicho moja.

Angefanya hivyo, angeona gurudumu la mbele linakwenda Baraka na la nyuma linakwenda kuoga ziwani.

Kazi za namna hiyo ndizo zinazosifiwa siku hizi kati ya Uvira na Baraka, na sifa hizo zinawachoma mafundi wachache wanaojua kufufua pikipiki ni nini. Kufufua si kupaka rangi. Rangi ni ya mwisho, na mteja mwenye akili huitazama mwisho vilevile.

Wala tatizo si kuchanganya. Wapo wanaocheka pikipiki yenye injini ya TVS ndani ya fremu ya DT 125, wakidhani uchotara ni ushamba wa Fizi. Hawajui kwamba baadhi ya pikipiki za kale zinazotafutwa sana na matajiri wa Ulaya ni machotara watupu. Ndugu wawili Waingereza, Derek na Don Rickman, washindani wa motokrosi wenye karakana yao New Milton, mwishoni mwa miaka ya 1950 walitia injini ya Triumph ndani ya fremu ya BSA na kuifunga foko za Norton. Waliipa jina la Metisse, neno ambalo msomaji wa Kivu aliyepita shule ya Kifaransa hahitaji kutafsiriwa. Baadaye wakaanza kutengeneza fremu zao wenyewe: bomba za chuma cha Reynolds 531, viungo vya shaba, nikeli juu yake, na oili ya injini ikizunguka ndani ya bomba za fremu badala ya kukaa kwenye tanki lake. Chotara huyo akawa na adabu kuliko wazazi wake.

Kabla yao walikuwa Rex na Cromie McCandless wa Belfast, waliobuni fremu mpya kwa ajili ya Norton. Mwaka 1950, katika mbio za kisiwa cha Man, pikipiki za Norton zilizovaa fremu hiyo zilichukua nafasi 3 za kwanza katika mbio za Junior, zikarudia hivyo hivyo katika Senior. Injini ilikuwa ya silinda moja, ya asili ya zamani. Kilichowaacha wengine nyuma kilikuwa fremu. Dereva Harold Daniell alipoijaribu alisema ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina hilo likaigandia hadi leo.

Kwa hiyo mwamuzi wa kweli haanzi na injini. Injini hubadilishwa kwa siku moja chini ya mwembe. Anaanza na fremu, na katika fremu anaanza na jambo moja ambalo asiyejua hulikosa kila mara: je, magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja?

Vifaa vya kulijibu swali hilo vinapatikana Makobola bila kuagiza popote: kreti 2 za bia ya Primus, mawe 4, rula ya mwanafunzi, na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki wa mukeke. Pikipiki inapandishwa juu ya kreti mpaka isimame wima bila kuegemea standi. Uzi unazungushwa nyuma ya tairi la nyuma, juu kadiri utakavyopita bila kugusa standi wala eksozi, ncha zake mbili zinavutwa hadi mbele ya gurudumu la mbele, na kila ncha inafungwa kwenye jiwe. Kisha mawe yanasogezwa kwa vidole, si kwa mguu, mpaka uzi uguse tairi la nyuma mahali pawili kila upande: ukingo wake wa nyuma na ukingo wake wa mbele. Kugusa tu. Uzi unaolibonyeza tairi umekwisha kusema uongo, na fundi anayevuta kwa nguvu ili mambo "yakae sawa" anajidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mteja.

Sasa usukani unanyooshwa. Tairi la mbele kwa kawaida ni jembamba kuliko la nyuma, hivyo lazima ubaki upenyo kati yake na uzi, na upenyo huo ndio unaosomwa. Fundi anapima kulia na kushoto, kwenye ukingo wa mbele wa tairi na ukingo wake wa nyuma. Akipata milimita 8 kulia na 14 kushoto, tofauti ni 6. Gurudumu limehamia kulia kwa milimita 3. Kwa pikipiki ya barabarani, milimita 3 zinavumilika. Kwa pikipiki ya mbio, hata 1 ni aibu.

Uzi ukikataa, fundi mbaya huikimbilia fremu na nyundo. Fundi mzuri huishuku fremu mwisho. Kwanza anatazama alama za kukazia cheni kwenye mkono wa nyuma, maana nyingi hazilingani kushoto na kulia, na anayeziamini huifunga ekseli kombo akidhani ameifunga sawa. Halafu anakagua spoki: rimu iliyofungwa upya na mtu wa haraka hukaa kando ya habu, nayo huonekana kama fremu iliyopinda. Kisha anazilegeza foko kwenye vishikio vyake, kwa sababu pikipiki ikianguka mara moja tu kwenye mawe zinaweza kujizungusha kidogo, na kuzilegeza na kuzikaza tena kunaweza kumaliza ugomvi wote. Anachezesha mkono wa nyuma kwa mkono, kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha, na kupima zaidi ni kupoteza muda. Baada ya hapo tu ndipo fremu inaitwa shaurini.

Na hapo kuna darasa la pili, ambalo hata wanaojua uzi hawalifiki. Uzi unasema magurudumu yanafuatana. Hausemi kama yanasimama pamoja. Fremu iliyojisokota huweza kuupita mtihani wa uzi na bado gurudumu moja likawa limeinama kama mlevi. Dawa yake ni timazi ya mwashi. Inaning'inizwa nyuma ya gurudumu la nyuma, fundi akapanga kreti mpaka rimu na kamba zikubaliane juu na chini. Kisha, bila kuigusa pikipiki, timazi inahamishiwa mbele. Kamba ikilingana na rimu ya mbele, shingo ya fremu iko wima. Ikiachana nayo juu kuliko chini, pikipiki hiyo iliwahi kuanguka vibaya na mtu alinyamaza.

Asiye na uzi wala timazi anaweza kumsoma dereva. Kando ya barabara hiyo wapo wamotari waliokwisha kuzoea kukalia tako moja, bega moja likiwa chini, kwa sababu mashine inawavuta upande na mwili umejifunza kuirudisha. Ukiwauliza watasema pikipiki haina shida. Tairi litasema vingine: limelika upande mmoja, na upande wa pili bado una meno.

Baada ya mstari, viungo.

Mahali pa kutazama ni chini ya shingo ya fremu, pale bomba la juu na bomba la mbele yanapokutana. Ndipo mizigo yote hugonga: magunia ya saruji ya kilo 50, abiria wawili na jerikani, kila shimo kuanzia Swima hadi Mboko. Ufa huanza hapo, na ndipo walaghai hufanya kazi zao nzuri kuliko zote. Mlaghai wa kwanza anafunika ufa kwa mastiki, anapiga msasa, anapaka rangi. Kiungo kinatoka laini kama yai. Kiungo laini kiogopwe. Wa pili anachomelea juu ya ufa bila kuuchimba, jenereta likikohoa na bageti ya kuchomelea ikinata, na ufa unazaliwa upya sentimita moja pembeni, kwenye chuma kilichochomwa kikawa kigumu na chenye kuvunjika. Wa tatu ndiye anayesifiwa kupita wote: analaza kipande cha nondo kando ya bomba kama gango la mfupa na kukiita nguvu. Nondo ni ya zege. Inaongeza uzito, inahamishia mkazo kwenye ncha zake, na bomba linakatika pale nondo inapoishia.

Kazi halali ina alama zake. Mwisho wa ufa umetobolewa tundu dogo ili usiendelee. Ufa umechimbwa kwa tupa mpaka upate umbo la V. Bomba lililokatika limetiwa bomba jingine ndani yake, na mkato umekwenda mshazari, kwa kuwa mkato ulionyooka huzunguka bomba mahali pamoja na kulidhoofisha mahali hapo hapo. Mshono wenyewe una mawimbi madogo yanayolingana. Fremu ya kale ya Reynolds 531 ni ya kuunganishwa kwa shaba na gesi; anayeipiga bageti ya umeme anaua kitu ambacho hakitengenezwi tena kwa wingi. Bomba hizo ni nyembamba na nguvu yake iko kwenye mchanganyiko wa chuma; moto mkali huipunguza nguvu hiyo.

Wanaonunua pikipiki za namna hiyo Ulaya nao wanaliwa. Fremu ya Rickman huvaa nikeli, na nikeli ina umanjano wa mbali, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Mfufuaji asiyejua, au anayejua lakini mnunuzi wake hajui, anaipeleka kwenye kromu kwa sababu kromu inang'aa zaidi. Kromu ina ubuluu, baridi kama kisu kipya. Aliyewahi kuziona zikiwa pamoja hakosei tena. Kwa Fritz Egli wa Uswisi, aliyeanza mwaka 1967 kuning'iniza injini za Vincent chini ya bomba moja nene la mgongo, hali ni hiyo hiyo: nakala zimejaa, ilhali Patrick Godet wa Ufaransa alikuwa na kibali chake.

Mengine yaende haraka. Fremu iwe nyeusi, au nikeli kwa anayestahili. Fremu nyekundu ni ya harusi. Eksozi iwe moja. Tanki lenye kibonyeo cha kweli linapita tanki lililojazwa mastiki. Injini isikilizwe ikiwa baridi: muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mteja kufika ana sababu, na aliyeijaza oili nzito ya gia ili pistoni inyamaze ana sababu kubwa zaidi. Bolti za kumwagia oili zifungwe waya. Katika mbio za lami wakaguzi huutafuta waya huo kabla pikipiki haijaruhusiwa kuingia uwanjani, na kwenye barabara ya Fizi, ambako mtikisiko hulegeza kila kitu, unafaa kuliko uwanjani. Anayetaka kupeleka mashine yake kwenye motokrosi ya Garuga huko Uganda aanze kwa kuvua keria na vishikio vyote visivyo na kazi. Asipoijua kazi ya kishikio, asikivue.

Wazee wakizungumza habari hizi, mazungumzo huishia kwa Yamaha AG 100. Ilikuwa pikipiki ya mapadri, wauguzi na mabwana shamba: cheni imefunikwa yote isile vumbi, keria mbele na nyuma, standi kushoto na kulia ili isimame hata kwenye mwinuko wa kupanda Fizi. Moshi wake wa petroli na oili ulitangulia kufika kijijini. Haikuwa na mbio wala uzuri, na hakuna aliyeipiga picha. Lakini ukiipata moja leo, imelala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga chini ya kiti, ivutie uzi. Ina nafasi nzuri ya kupita kuliko mashine nyekundu iliyoegeshwa barabarani.

Mashine hiyo nyekundu bado ipo. Kijana akija na uzi na kreti, umati hukaribia kwanza, ukidhani ni mchezo. Mawe yanasogezwa, rula inashuka, namba inatajwa kwa sauti ndogo, kisha ile ya upande wa pili. Mwenye pikipiki anachukua kitambaa na kuanza kufuta tanki ambalo halina vumbi. Watu wanatawanyika mmoja mmoja. Kijana anaukunja uzi kwenye kipande chake cha ubao na kuteremka mbio pwani, kwa sababu taa za wavuvi wa ndakala zimekwisha kuwashwa na mwenye uzi anataka kuondoka.