Bunduki ya Rangi na Tembo wa Mikumi

Bunduki ya rangi ya kielektroniki ni chombo cha kupendeza, nami siibezi. Kilianzia Marekani kama kifaa cha kutia alama miti na ng'ombe. Mwaka 1981 watu wakakifanya mchezo. Siku hizi betri hufungua vali, na hewa iliyoshindiliwa mtunginj hurusha vidonge vya milimita 17, hata kumi kwa sekunde moja. Kwa mashindano, naipa alama za juu.

Lakini wapo wanaoisifu pia kwa kufukuzia tembo: ondoa rangi, tia pilipili. Wazo hilo si la mzaha. Zimbabwe kimewahi kutumika chombo cha gesi kirushacho mipira midogo yenye pilipili. Hata hivyo, mimi naipima kwa mkulima wa Kilosa ambaye shamba lake limepakana na Hifadhi ya Mikumi. Kasi ya vidonge kumi yamfaa nini? Mtungi ukiisha usiku wa manane, ataujaza wapi? Tena, ili alenge, hana budi kumsogelea gizani mnyama wa tani kadhaa.

Kamba ya katani yenye matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili haina fahari hiyo, na mvua ikinyesha sharti ipakwe upya. Lakini katani imelimwa Kilosa tangu ukoloni, na kamba hulinda mwenyewe akiwa mbali na mkonga. Kwangu mimi, chombo bora ni kile ambacho kikiharibika leo, mwenye shamba hukitengeneza kesho.