Maruge Alivuka Lango. Halafu?

Hata kama hujaitazama The First Grader (2010), hadithi yake unaijua. Tuliipata kwanza magazetini. Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika Mau Mau, alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret mwaka wa 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kibaki kufuta karo ya shule za msingi. Mwelekezi Justin Chadwick alimpa Oliver Litondo nafasi ya Maruge na Naomie Harris nafasi ya mwalimu Jane. Litondo ameigiza vizuri mno. Hata akinyamaza, unamwelewa.

Kuna tukio moja ninalolirudia kila mara. Mzee anafika langoni, anaambiwa bila sare haingii. Anaenda, anakata suruali iwe kaptura, anavaa soksi ndefu, anarudi. Linachekesha, na limekusudiwa kuchekesha. Lakini hapo ndipo filamu inaposhika ukweli wake mkubwa, kisha inauachilia upesi. Elimu ni ya bure, ila kuna kitu kidogo cha kununua. Mkenya yeyote aliyewahi kutumwa nyumbani anakijua hicho kitu kidogo.

Historia yetu imejaa vitu vidogo kama hivyo. Kuanzia Januari 1974, kwa amri ya Kenyatta, darasa la kwanza hadi la nne halikulipiwa karo. Walioingia darasa la kwanza nchini waliruka kutoka chini ya 400,000 hadi zaidi ya 900,000 kwa mwaka mmoja. Halafu shule, zikiwa hazina madarasa ya kuwatosha, zikaanza kudai ada ya ujenzi, na mahali pengi ada hiyo ikapita karo iliyofutwa. Watoto wakarudi nyumbani kimyakimya. Siku ya amri tunaikumbuka. Siku ya kurudi nyumbani haina tarehe.

Hapa Taita lango la kwanza lilikuwa la kanisa: CMS walifika Sagalla 1883, Wakatoliki wakaja Bura 1892, na kusoma kukaja pamoja na katekisimu. Baadaye yakaja malango mengine. Mwaka wa 1994 serikali iliruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Sawa, lakini mtoto anabaki na nani? Tangu 2016 tuna chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, hapa hapa Voi. Mtoto wa Mwatate au Kasigau hana haja tena ya kupanda basi hadi Nairobi ndipo aitwe mwanachuo. Hilo si jambo dogo, na sitaki kulidharau.

Ila Tsavo mbili zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti hii. Ndovu akiingia shambani usiku, anachokula ni mahindi na karo pamoja. Mwenye shamba anajaza fomu ya fidia, anangoja. Filamu pia ina barua ya fidia. Maruge anataka kujua kusoma ili aisome mwenyewe bila kumwomba mtu. Ningetamani filamu ikae na hiyo barua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu inaunganisha shule na deni la serikali kwa watu wake. Badala yake inatuharakisha kwenye ushindi: mwalimu amerudi, watoto wanashangilia, mzee yuko kwenye dawati.

Mimi niliacha chuo, si hiki cha Voi, mwaka wa pili, baada ya jina langu kukosa kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya salio. Kijijini watu huuliza, "Kwani ulishindwa?" Swali hilo limetoka kwenye hadithi kama hii. Ukishaaminishwa kwamba lango ndilo lilikuwa tatizo, na mzee wa miaka 84 alilivuka, basi anayetoka ni mvivu tu. Bidii ya Maruge inageuzwa fimbo ya kutuchapia sisi wengine.

Na si haki kwa Maruge mwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimtoa kwake. Aliishi kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, kama kilomita nne kutoka shuleni, na akaendelea kuhudhuria masomo. Katikati ya 2008 ilibidi aondoke. Akahamia makao ya wazee Nairobi, akajiandikisha tena, shule nyingine. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza msingi.

Hayo hayamo kwenye uigizaji. Filamu imechagua miezi ya kuingia, ikaacha miaka ya kubaki. Itazame, kwa ajili ya Litondo. Lakini Maruge ninayetaka kumwona ni yule wa kambini, anayeamka alfajiri kwenye hema, anavaa ile kaptura, na kuanza kutembea bila kamera.