Huchomwa na Nani?

Mwaka jana, kwa ajili ya somo moja la uandishi katika shahada yangu ya uzamili, niliandika kurasa nne kuhusu Forodhani usiku. Nilikuwa nimekwenda Unguja mwezi wa Januari, nikakaa kwa mjomba wiki mbili, na karibu kila jioni niliimalizia pale bustanini nikiwa na daftari. Kurasa zile zilipata alama nzuri. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba alisikia njaa aliposoma, nami nikaipokea sifa ile kama mtu aliyelipwa deni lake. Ndipo nikafanya kosa la kuzituma kwa mjomba.

Mjomba anachoma mishikaki na pweza Forodhani tangu mimi sijaanza skuli. Ada ya skuli yenyewe, kwa miaka minne, ilitoka kwenye jiko lake. Hasomi upesi kwenye simu, macho yake hayapatani na mwanga wa kioo, kwa hiyo alichukua siku mbili. Siku ya tatu akapiga. Tukasalimiana, akauliza habari za mama, habari za masomo, habari za joto la Dar, kisha akasema, "Nimeisoma kazi yako, mwanangu. Nzuri. Lakini niambie, siku hiyo kulikuwa na upepo gani?"

"Si nimeandika, mjomba? Upepo mwanana wa bahari."

"Mwanana." Akanyamaza kidogo. "Wewe umekuja mwezi wa mosi. Kaskazi ilikuwa inang'oa miavuli. Siku ya pili yako nimeunguza mishikaki ishirini, na nimekwambia usisimame pale, unanikatia upepo. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata harufu yake. Kwa hiyo makala haya ni uhakiki wa maandishi yangu mwenyewe kwanza, na baada ya hapo wa aina nzima ya maandishi ambayo nadhani niliyaiga bila kujua.

Anayekwenda Forodhani mara moja huona bustani na bahari. Mchomaji anaona dira. Bustani iko pwani ya magharibi ya kisiwa. Mbele yake maji, nyuma yake Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto la mchana linapita nyuzi 30 na ukuta wa mawe unabaki na joto hata baada ya Isha, kinachovuma ni kaskazi. Inatokea upande wa bandari, inapita ubavuni mwa ukuta wa bahari na kuelekea Shangani, na njiani haikuti kitu cha kuizuia isipokuwa meza za wachomaji. Kusi inakuja katikati ya mwaka kutoka upande wa pili. Inapanda mapaa ya mji, inagonga kuta za ngome, inafika bustanini imevunjika vipande. Meza ileile na jiko lilelile ni kazi mbili tofauti Januari na Julai.

Januari, makaa hayangoji kupepewa. Yanawaka hadi yanakuwa meupe, kipepeo kinalala chini ya meza bila kazi, na gunia linaisha kabla ya siku yake. Moto haukai sawasawa: upande unaopokea upepo unawaka kama tanuri, upande wa pili unasinzia, hivyo mishikaki iliyolala usiku mmoja katika sufuria moja, kwenye papai bichi, tangawizi na thomu, inaiva kwa nyakati tatu mbalimbali juu ya jiko moja. Nyama inaungua nje na ndani bado nyekundu. Mafuta yakidondoka, ulimi wa moto hausimami, unalala ubavu na kulamba mishikaki ya jirani. Majivu yanaruka na kutua juu ya pweza aliyekwisha kukamuliwa ndimu.

Mjomba anajibu hivi. Anasimamisha bati kuukuu upande wa upepo na kuacha nafasi ya vidole vinne chini yake ili moto upumue. Anayasukuma makaa upande mmoja, theluthi ya jiko inabaki tupu, na hapo ndipo anapoikimbizia nyama moto ukichachamaa. Vyuma vya mishikaki anavipanga vikigusana ili nyama zikingiane. Yeye mwenyewe anasimama upande unakotokea upepo, ubavu kwa wateja, na nadhani ndiyo sababu katika picha za wageni anaonekana bega tu.

Haya niliyaona kwa macho yangu kwa wiki mbili. Katika kurasa zangu nne hakuna hata hilo bati.

Kilichokuwamo ni kitenzi kimoja. Nilihesabu baada ya simu ile: "huchomwa", mara tisa. Pweza huchomwa, kuku huchomwa, mahindi huchomwa huku jua likizama. Masikioni ni sentensi safi, hazina kosa la sarufi hata moja. Lakini litazame neno lenyewe. Hu- ya mazoea haikubali nafsi: mimi huchoma, wewe huchoma, wao huchoma, kiambishi hakimjui yeyote. Haikubali wakati pia, kwa hiyo Januari na Julai kwake ni mamoja. Kisha inakuja -w- ya kutendwa, ambayo inamruhusu mtenda aondoke kabisa, maana hakuna anayemlazimisha mwandishi kumalizia kwa "na fulani". Kwa herufi tatu nilikuwa nimemwondoa mtu, mwezi na upepo, nikabaki na pweza anayejichoma mwenyewe kwa ajili ya utamaduni.

Sisemi kwamba hu- ni dhambi. Methali haziwezi kuishi bila hiyo. Anayeeleza samaki wa kupaka ana haki ya kusema kwamba samaki huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lililokolea na kurudishwa motoni, kwa sababu anaeleza utaratibu, na utaratibu huo ni uleule mpishi akiwa Lamu, Tanga au Muscat. Lakini sisi tunaoandika masimulizi ya kweli tunamwambia msomaji kitu kingine. Tunamwambia: nilikuwepo. Aliyekuwepo hakumwona pweza ambaye huchomwa. Alimwona pweza mmoja anachomwa na mtu mmoja, usiku mmoja, na mtu huyo alikuwa ama anapigana na upepo ama anautumia.

Nilijiuliza nilijifunzia wapi kuandika vile, kwa sababu nyumbani hatusemi hivyo. Kwetu mtu husema "Mjomba kaunguza leo", na kila mmoja anajua kwamba kaskazi imezidi. Nadhani nilijifunza kwenye maandishi ya kuuzia safari. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na bustani ya Forodhani ikafanyiwa ukarabati na Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ukarabati wenyewe sina ugomvi nao. Ukuta wa bahari ulihitaji kazi. Ila tangu hapo mahali pale pamekuwa pia ukurasa, na ukurasa huo una sentensi zake. Jua linazama. Vijana wanaruka kutoka ukutani kuingia majini. Moshi unapanda taratibu angani. Halafu unakuja "mlipuko wa ladha", maneno ambayo mimi mwenyewe niliyaandika bila aibu katika ukurasa wa tatu. Katika Kiswahili cha jikoni kwetu, kinacholipuka ni baruti au mtungi wa gesi. Chakula kinanoga, kinakolea, kikizidi kinakifu.

Huo moshi unaopanda ndio unaoniudhi zaidi sasa. Januari, moshi wa Forodhani haupandi. Unatambaa. Unatoka kwenye jiko umelala kifudifudi, unapita katikati ya meza ya muuza miwa na ya muuza urojo, unawaingia watu machoni hadi mwisho wa bustani. Siku hizi nikikuta maandishi ambayo moshi wake umesimama wima kama nguzo, naanza kumtilia shaka mwandishi. Labda alikuja kati ya misimu, pepo zilipotulia. Labda. Lakini mara nyingi, katika aya hiyohiyo, analalamikia jua la Februari.

Ni haki niseme kwamba moshi umewahi kuandikwa vizuri na mtu wa pwani hii. Katika By the Sea (2001) Abdulrazak Gurnah anampa Saleh Omar kikasha cha udi, na udi huo ulimfikia kwa mfanyabiashara aliyeletwa na pepo za musimu. Mzee huyo anafika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, na afisa wa uhamiaji anakichukua kikasha. Ninaporudi kwenye kurasa hizo naona kwamba harufu ile ina mwenyewe kila hatua. Kuna aliyeuleta udi, kuna aliyeupata, kuna aliyenyang'anywa. Upepo pia una kazi na una majira. Sisi tuliokuja baadaye, hasa baada ya Nobeli ya 2021, tumezipenda zile pepo za majahazi hadi kila insha ya pwani inaanza nazo. Tunaiandika kaskazi iliyoleta tende na mazulia zamani. Kaskazi inayokula gunia la makaa la mjomba leo usiku hatuioni, ingawa ni ileile, na imetokea upande uleule.

Basi nikaandika rasimu ya pili. Mara hii nilimtia mjomba, na nikamtia kwa nguvu zote. Jasho lilimtiririka mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya cheche, na kaskazi ilikuwa adui asiye na huruma anayempofusha mzee wa watu. Nilijiona nimetenda haki. Nilimtumia tena.

"Mimi nimekufa?" aliuliza.

"Hapana, mjomba. Kwa nini?"

"Naona kama unanisomea hitima."

Alicheka, nami nikacheka, lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikuchekesha. Macho yake ni mabaya kweli. Daktari amemwambia apunguze moshi, na yeye amepunguza kwa kuhamisha stuli. Nilikuwa nimeyatumia macho yale kama chumvi, kukoleza aya. Isitoshe, nilikuwa nimekosea.

"Kaskazi inaniunguzia nyama," alisema, "lakini macho yangu yanapumzika. Upepo unatoka upande mmoja, nasimama huku, moshi unakwenda kule. Kusi ndiyo inayonimaliza. Inazunguka. Ukihama, moshi unakufuata. Nyama ya kusi inaiva vizuri, mimi ndiye ninayeungua."

Nimeifikiria sentensi hiyo ya mwisho kuliko vitabu kadhaa vya nadharia nilivyosoma mwaka huu. Rasimu ya kwanza ilimfuta mjomba kwa uzuri wa mahali. Rasimu ya pili ilimfuta kwa huruma, na huruma nayo haikuuliza upepo gani. Zote mbili zingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa zaidi ya jioni moja. Mwandishi wa jasho na yule wa machweo wanaonekana mahasimu, lakini wote wawili wamesimama pembeni, wanatazama uso wa mchomaji au bahari iliyo nyuma yake. Hakuna aliyetazama mikono yake inavyosogeza makaa. Upepo hauonekani popote pengine. Anayetaka kuuandika inabidi atazame hapo.

Kuna rafiki darasani aliyeniambia kwamba nazidisha, kwamba msomaji wa Nairobi au Kampala hahitaji kujua bati limesimamishwa upande gani ili afurahie insha kuhusu chakula. Huenda. Lakini msomaji huyohuyo tunampa jina la kila jahazi na kila aina ya mlango wa nakshi. Nami niliweza kumwambia mhadhiri mwaka ambao sultani Barghash alijengewa Beit al-Ajaib, 1883, bila kufungua daftari, wakati sikuweza kumwambia mjomba upepo ulitoka wapi jikoni kwake, mimi niliyesimama ndani ya upepo huo na kufukuzwa.

Rasimu ya tatu ni fupi. Haina machweo, si kwa sababu hayakuwapo ila kwa sababu saa ile mjomba huwa anawasha moto na mimi nilikuwa nashika bati. "Huchomwa" imebaki mara moja, kwenye mahindi, kwa kuwa sikumwona aliyekuwa akiyachoma. Makovu ya cheche nimeyaacha, lakini yamo kwenye sentensi inayohusu namna ya kupanga vyuma. Macho nimeyatoa. Kama yatarudi, ni yeye atakayeyaleta.

Safari hii sikumtumia. Nilimpigia mchana, kabla hajaenda bustanini, nikamsomea mwenyewe. Alisikiliza kimya, nikawa nasikia redio na kuku wa jirani. Nilipofika kwenye bati akanizuia.

"Rudia hapo. Umesema vidole vingapi?"

"Vinne."

"Vinne ni vya kusi. Kaskazi ni viwili. Ukiacha vinne Januari, cheche zitamla mteja."

Nimeviacha vinne pale juu, mahali nilipovikosea.