Shafti Itoke Salama

Nataka kusifu kazi ambayo ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote: kung'oa beringi iliyoganda kwenye shafti ya mashine ya kusaga.

Huku Ufipa, mahindi yakishavunwa na kukauka, mashine hazilali, kuanzia Laela hadi Matai. Ndani ya kila mashine kuna shafti inayobeba nyundo za kuponda, nayo shafti imelala juu ya beringi mbili. Shafti ikizunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, mzigo wote unabebwa na gololi chache zilizozama kwenye grisi. Vumbi la unga likipenya humo, grisi inakauka na gololi zinaanza kukwaruzana. Pete ya ndani ya beringi inashika moto, inasugua shafti, na kutu jekundu, laini kama poda, linajaza upenyo. Mashine ikipoa, vyuma viwili vimekuwa kama kimoja. Nje kuna foleni ya akina mama na madebe yao, na mwenye mashine anauliza kila baada ya muda mfupi kama tayari.

Asiyejua anachukua nyundo kubwa. Fundi kwanza anajiuliza kipi kife na kipi kipone. Beringi inauzwa dukani mjini Sumbawanga. Namba yake inasomwa ubavuni, na tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu: 6310 huingia kwenye shafti ya milimita 50. Shafti haipatikani kirahisi hivyo. Ikipinda au ikipasuka kichwa, inabidi itafutwe mashine ya kukerezea, pengine mbali, na kijiji kizima kikae bila unga. Kwa hiyo kila pigo na kila moto hupimwa kwa swali moja: shafti itaumia?

Kutokana na swali hilo kazi inapata mpangilio wake. Skrubu za kubana zinalegezwa, kutu linasuguliwa kwa msasa, na vinundu vilivyoinuka juu ya shafti vinasawazishwa kwa tupa, maana kinundu kimoja kinatosha kuizuia beringi isitoke. Mafuta ya taa au dizeli yanamwagwa kwenye ungio na kuachwa yapenye, ikibidi hadi kesho yake. Pula, chombo cha kuvutia beringi, inafungwa ikishika pete ya ndani. Ukishika ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, beringi inasambaratika, na pete ya ndani inabaki palepale ikiwa haina tena mahali pa kushikwa.

Pula ikigoma, unakuja moto. Chuma cha milimita 50 kikiongezewa joto la nyuzi 100 kinatanuka kiasi cha milimita 0.06, unene wa unywele. Fundi anaihitaji hiyo 0.06 tu, ila anaihitaji kwenye pete wakati shafti bado ni baridi. Ndiyo maana moto wake ni wa haraka, unazungushwa kwenye pete peke yake, na pula inakazwa papo hapo. Akichelewa, shafti nayo inapata joto, inatanuka, na faida yote inapotea.

Lipo pia jambo la mwisho, pete inapobaki peke yake. Hapo grenda inakata mfereji wa mshazari, na mkono unasimama kabla jiwe halijagusa shafti. Kisha tindo inawekwa kwenye mfereji na kupigwa pigo moja. Chuma cha beringi ni kigumu na hupasuka ghafla, vipande vikiruka, kwa hiyo fundi anayejiheshimu huvaa miwani. Kusimamisha grenda pale panapofaa hakuna kipimo kinachokufundisha. Sikio linasikia sauti ikibadilika, jicho linaona rangi ya cheche, na mkono unatii.

Uwanda huu wa Ufipa umewahi kuheshimu akili ya namna hiyo. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika vintengwe, matanuri madogo ya mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya matanuri hayo katika wilaya ya Nkasi. Kazi ile ilihitaji watu wanaojua moto uwe kiasi gani, uwake wapi na kwa muda gani. Fundi wa mashine ya kusaga hayeyushi mawe, lakini anakabiliwa na maswali hayohayo matatu.

Beringi mpya ikishapashwa joto kwenye mafuta, isizidi nyuzi 120, inateleza mahali pake bila kupigwa. Hapo ndipo tunapopaswa kujifunza kumlipa fundi ipasavyo. Tumezoea kukadiria ujira kwa jasho na kelele, tukamwona mvivu anayesubiri dizeli ipenye. Ujira wake tuukadirie kwa shafti: kama imetoka nyoofu na laini, muda wote aliosubiri ulikuwa kazi, na kijana anayemshikia spana afundishwe kusubiri huko kabla hajafundishwa kupiga nyundo.