Toa Kilo Kabla ya Kuongeza Farasi

Gari kuukuu la michezo la milango miwili likiingizwa gereji, iwe Migori mjini au kando ya ziwa Homa Bay, mazungumzo huanzia chini ya boneti. Itiwe injini gani? Turbo itatoka wapi? Ni maswali matamu, lakini kwa otokrosi yamekuja mapema mno. Otokrosi si mbio za masafa. Gari hushindana na saa kwenye kiwanja cha udongo chenye kona zinazofuatana, na zamu moja huisha kwa dakika chache. Muda mwingi dereva yuko gia ya pili na ya tatu: anafunga breki, anakata kona, anaondoka tena. Hoja yangu ni kwamba katika kazi ya namna hiyo kilo iliyotolewa ina thamani kuliko farasi aliyeongezwa, na kwamba mwinuko wa Nyanza Kusini unaipa hoja hii uzito ambao isingekuwa nao Mombasa.

Chukua mfano wa Toyota AE86, zile Levin na Trueno zilizotengenezwa kati ya 1983 na 1987. Ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye injini ya 4A-GE ya sentimita za ujazo 1,587 na uzito usiofika tani moja. Tuseme limebaki na nguvu za farasi 120 na lina kilo 950. Kila farasi anavuta kilo 7.9. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na mji wa Migori uko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Farasi 120 wanabaki kama 105, na kila mmoja sasa anavuta kilo 9. Ukitoa kilo 100 garini, unashuka hadi kilo 8.1: umekaribia kurudishiwa chote ulichonyang'anywa na mwinuko, na injini hujaigusa. Likipelekwa Nairobi, ambako mashindano ya otokrosi chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya yamekuwa yakifanyika katika viwanja kama Jamhuri, gari litapanda juu ya mita 1,600 na injini itapungukiwa zaidi. Kilo ulizoziacha Homa Bay hazitalifuata.

Hesabu hiyo bado inampendelea farasi, kwa sababu yeye husaidia pale tu dereva anapokanyaga mafuta. Wepesi husaidia wakati wote. Gari jepesi husimama upesi, hugeuka upesi, na halichoshi breki wala tairi. Tairi nayo ina tabia yake: ukiiongezea mzigo maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu, kwa hiyo gari zito huingia kona likiwa na deni. Kilo zenyewe hutolewa kwa mpangilio. Huanza vitu ambavyo mtoto angeviona, yaani viti vya nyuma, zulia, tairi la akiba na mashine ya kupoza hewa. Hufuata vilivyojificha, kama ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni na vyuma vya ndani ya bampa. Kilichobaki husogezwa: betri ikihamishwa kutoka puani hadi nyuma ya dereva, haijapungua hata gramu, lakini pua imepumua na gari linageuka kwa wepesi zaidi. Rimu nyepesi zina faida ya ziada, maana gurudumu zito huchelewa kufuata mawimbi ya udongo, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote.

Ushahidi wa nyumbani upo. Mwaka 1993 Subaru ilileta kwenye Safari Rally kigari cha Vivio, chenye injini ya sentimita za ujazo 658 na uzito wa kilo 700 na ushei. Colin McRae, kijana wa Scotland, alianza kwa kasi iliyowashtua wenye magari makubwa, kisha safari ikamkatikia njiani. Mkenya Patrick Njiru alifika mwisho, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Somo lina pande mbili. Wepesi ulikipa kigari hicho kasi ambayo injini yake isingeweza kukinunulia. Lakini wepesi huohuo, bila dereva wa kuupima dhidi ya mashimo, haukutosha kulifikisha gari mwisho.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapoingia. Datsun 240Z, gari la milango miwili linaloheshimiwa kuliko mengi katika kumbukumbu za Safari, halikushinda kwa wepesi. Lilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, ambao pointi zao zililingana na za Datsun nyingine, ya Harry Källström. Lilikuwa na injini ya mitungi sita ya lita 2.4, na magari ya kiwanda yaliongezewa vyuma vya kukinga tumbo. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake liko katika muda. Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita, ambapo gari linalofika lilikuwa limeshashinda nusu ya mbio. Kiwanja cha otokrosi hakihitaji ngao nzito tumboni. Kinachofaa kurithiwa kutoka kwa 240Z ni springi na shokomzoba zenye nafasi ya kutosha kwenda juu na chini, kila gurudumu likifuata ardhi kivyake. Mtu anayelishusha gari lake hadi liguse chini, kama magari ya lami anayoyaona kwenye video, amenunua sura kwa gharama ya mshiko. Kwenye udongo mweusi wa Bonde la Lambwe, unaopasuka nyufa kiangazi na kugeuka ulimbo wakati wa masika, gari la namna hiyo halimalizi hata mzunguko mmoja.

Wengine watasema kazi yote hii ni bure mbele ya gari la turbo linalosukumwa na magurudumu manne. Ndiyo, litashinda kwa jumla. Lakini mashindano hugawanywa kwa madaraja, na gari la magurudumu mawili lisilo na turbo hupimwa na wenzake. Pingamizi la busara zaidi ni la Probox. Kwa nini kuhangaika na gari la miaka arobaini wakati Probox zimejaa barabara ya Rongo na Homa Bay, vipuri viko kila duka, na kila fundi anajua kuziimarisha springi za nyuma? Kwa mwenye mfuko mwembamba, Probox iliyovuliwa mizigo ni mwanzo mzuri, na hoja ya kilo inaifaa vilevile. Upungufu wake ni wa umbo. Dereva hukaa juu, paa liko juu, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na kukata kona kwa pamoja. Gari la chini linalosukumwa kutoka nyuma humwachia dereva kazi ya kulizungusha kwa mguu wa kulia, na katika kona za kubana huo ndio muda unaookolewa.

Kuna kilo zisizojadiliwa. Kizimba cha mabomba kinachomzunguka dereva huongeza kilo thelathini au arobaini, na hizo huwekwa kwanza, kabla hata ya kung'oa zulia. Kizimba humlinda mtu, na kwa bodi kuukuu hufanya kazi ya pili: huifunga isijipinde, ili springi zifanye kazi yake badala ya bati kuifanya. Kabla ya kukichomelea, kagua vizingiti vya milango na mapaja yanayoshika shokomzoba, kwa kuwa chuma kilicholiwa na kutu hakishiki kizimba. Ukaguzi huo una sababu nyingine huku kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo bodi za miaka ya 1980 zilizopo nchini ndizo hizo. Inayokatwa vibaya leo haina mrithi bandarini. Ondoa vinavyofunguliwa kwa spana, vihifadhi, na ukate tu pale ambapo mizani imekuonyesha faida. Mkulima wa miwa wa Awendo hulipwa kwa tani zilizopimwa, si kwa ukubwa wa shamba machoni. Anayejenga gari hili naye alipime kabla na baada ya kila kazi. Mizani ikishagoma kushuka, hapo ndipo boneti inapofaa kufunguliwa.