Ufizi Ukishuka, Kipandikizi Huishi kwa Damu

Wengi wakisikia ufizi unapandikizwa hudhani kazi yote ni kukata nyama kaakaani na kuishona kwenye jino lililoachwa wazi. Kukata na kushona ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu upo kwenye mzizi wenyewe: ukishavuliwa ufizi, uso wake hauna mishipa ya damu, na nyama iliyong'olewa mahali pake hufa isipopata damu mapema.

Katika miaka ya 1960 madaktari walikuwa wakikata kipande cha kaakaa pamoja na ngozi yake ya juu. Pembeni, kilipogusa nyama hai, kilishika vizuri. Sehemu iliyolala juu ya mzizi mara nyingi ilikufa. Hata kilichopona kilibaki cheupe kama kiraka, na mgonjwa alirudi nyumbani na kidonda wazi kaakaani.

Mwaka 1985 Burton Langer na Laureen Langer wa Marekani walichapisha njia nyingine. Ufizi unaozunguka mzizi uliinuliwa ukawa mfuniko, huku utando unaofunika mfupa ukiachwa palepale. Kaakaani walichukua hasa nyama ya ndani, iliyo chini ya ngozi, wakailaza juu ya mzizi na kurudishia mfuniko. Hapo kipandikizi kikapata damu pande mbili, chini kutoka kwenye utando wa mfupa na juu kutoka kwenye mfuniko. Kidonda cha kaakaa nacho kiliweza kufungwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika upasuaji huu.

Nyama hiyo huwa na unene wa milimita 1 hadi 2 hivi, na kwa kawaida hutolewa kati ya chonge na gego la kwanza. Siku mbili tatu za mwanzo huishi kwa majimaji yanayopenya kutoka kwenye nyama jirani. Kisha mishipa mipya huanza kuingia. Kipandikizi kikitikisika wakati huo, mishipa hiyo hukatika. Ndiyo maana hushonwa kwa uzi mwembamba sana, na mgonjwa hukatazwa kupiga mswaki hapo au kuvuta mdomo ajitazame kwenye kioo. Husukutua kwa dawa ya klorheksidini, na nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hivi.

Hata hivyo, mkono hodari hauwezi kushinda mfupa uliokwisha. Mwaka huohuo wa 1985, P. D. Miller aligawa kushuka kwa ufizi katika madaraja 4. Mfupa wa kati ya meno ukiwa mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umeliwa, hufunikwa nusunusu au haufunikwi kabisa. Tumbaku nayo hubana mishipa na kupunguza nafasi ya kupona.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali ganzi, mwombe daktari akuoneshe picha ya eksirei na akueleze hali ya mfupa wa kati ya meno yako. Na kama ufizi ulishushwa na mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu, badilisha mswaki leo, la sivyo ufizi mpya nao unaweza kushuka vilevile.