Kiungo kama Kura: Uhakiki wa Kanuni ya PageRank kwa Kuzingatia Matini za Kiswahili

Makala ya Sergey Brin na Lawrence Page wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyotolewa mwaka 1998, ilieleza muundo wa Google, injini ya utafutaji iliyokuwa na kurasa zisizopungua milioni 24. Hoja yao kuu ni kwamba umuhimu wa ukurasa hupimwa kwa viungo vinavyouelekea, kama umuhimu wa makala ya kitaaluma unavyopimwa kwa marejeleo. Viungo hivyo havina uzito sawa. Ukurasa hugawa alama zake sawasawa kwa viungo vyake, kisha kila fungu huzidishwa kwa kigezo ambacho kwa kawaida ni 0.85. Hivyo, ukurasa wenye alama 1 na viungo 10 huchangia 0.085 kwa kila unaolengwa. Wenye viungo 2 huchangia 0.425. Usioelekewa na kiungo chochote hubaki na 0.15.

Ubora wa kanuni hii ni kwamba ushahidi hutoka nje ya ukurasa: mwandishi anayerudia neno moja mara mia hajiongezei alama hizo. Hata hivyo, mlinganisho na marejeleo una kasoro. Makala ya kitaaluma hupitiwa na wasomi kabla ya kuchapishwa, ilhali ukurasa wa wavuti unaweza kutolewa bila kupitiwa na yeyote. Aidha, msomaji wa kufikirika anayefuata viungo kwa nasibu hana lugha. Ukurasa sahihi wa Kiswahili wenye majirani wachache hushindwa kwa uchache wa viungo, si kwa udhaifu wa maudhui.

Inaweza kutetewa kwamba maneno ya utafutaji yakiwa ya Kiswahili, kurasa za Kiswahili hushindana zenyewe kwa zenyewe. Utetezi huu hautoshi. Jina la Shaaban Robert huandikwa vilevile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Anayelitafuta huzikutanisha kurasa za lugha zote mbili katika shindano moja, na lugha yenye waandishi wengi wa wavuti hutangulia.

Brin na Page walionya kuwa injini zinazogharimiwa na matangazo zitawaelemea watangazaji. Upendeleo unaojadiliwa hapa umo ndani ya hesabu yenyewe, wala hauhitaji mtangazaji. Ingawa upangaji wa leo hutumia vigezo vingi zaidi, mtafiti wa fasihi ya Kiswahili hana msingi wa kuichukulia nafasi ya kwanza kuwa ithibati ya ubora.